Huyo Hapandi, Anasia: Mhadhara Kuhusu Kitenzi cha Kiingereza 'Broadcast'

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mnaosomea utangazaji, asanteni. Wengine wenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili kwenye korido, kwenye daladala, hata msibani, na naona huko nyuma kuna watu wanatabasamu kwa sababu wanajua ninakoelekea. Tabasamuni tu. Nitalisema tena, maana juzi nilikuwa nasahihisha mitihani, na swali la kwanza lilikuwa jepesi kabisa: eleza asili ya neno 'broadcast'. Karatasi baada ya karatasi nakuta imeandikwa hivi: 'broad' ni pana, 'cast' ni kutupa, kwa hiyo 'broadcast' ni kutangaza kwa upana. Mmoja akaongeza, Mungu ambariki, kwamba neno hilo lilibuniwa na BBC.

Neno hilo lilikuwa shambani zaidi ya miaka 150 kabla BBC haijazaliwa. Ni neno la wakulima wa Uingereza, linaonekana katika maandishi yao ya kilimo kuanzia miaka ya 1760. Aliyefanya 'broadcast' alikuwa mtu mwenye kikapu cha mbegu kiunoni, anatembea shambani, anarusha ngano kwa mkono. Basi. Hakuna kipaza sauti, hakuna antena, hakuna muziki wa kufungulia taarifa ya habari.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapopita mbio.

Nilipokuwa mwalimu kijana huko Nyanda za Juu Kusini, Jumapili nilikuwa nafundisha watu wazima masomo ya dini. Siku moja tukafika Mathayo 13, mfano wa mpanzi. Mnaujua. Mpanzi alitoka kwenda kupanda, mbegu nyingine zikaanguka njiani ndege wakazila, nyingine kwenye mwamba, nyingine kwenye miiba, nyingine penye udongo mzuri. Nikasoma vizuri, kwa sauti, nikafunga kitabu nikijiandaa kueleza maana ya kiroho. Mama mmoja mkulima wa mahindi akanyoosha mkono.

"Mwalimu, huyo baba alikuwa amelewa?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwenyewe hakucheka hata kidogo. Akaendelea: mbegu ya kununua, bei ile, mtu anaidondosha njiani? Anachimba shimo juu ya mwamba? Miiba hakuiona? Na huyo Bwana anayesimulia haoni kwamba tatizo si udongo, tatizo ni mpanzi?

Jamani, yule mama alikuwa na haki. Kwake yeye kupanda ni kamba iliyofungwa vijiti huku na huku, sentimita 75 toka mstari hadi mstari, sentimita 60 toka shimo hadi shimo, mbegu mbili kila shimo, fukia kwa mguu, songa mbele. Katika kupanda kwa namna hiyo punje haina pa kupitia kwenda barabarani. Mtu ambaye robo ya mbegu zake zinaishia kwa ndege hapelekwi kanisani kuwa mfano, anapelekwa kwa balozi wa nyumba kumi.

Mimi nikababaika na maelezo ya Mashariki ya Kati ya kale. Aliyeniokoa ni mzee mmoja aliyehamia kutoka bondeni, kwenye mpunga. Akasema bila hata kusimama: "Huyo hapandi. Anasia."

Maneno matatu, mkutano ukatulia. Yule mama akasema, "Aa, kumbe anasia," kama mtu aliyerudishiwa chenji yake. Maana kila mtu pale alijua kusia ni nini. Hata asiyelima mpunga ameshasia nyanya au mchicha kitaluni. Unachukua mbegu mkononi, unazirusha ziende zikaenee, na katika kuenea huko nyingine zitatoka nje ya tuta. Hakuna aliyelewa. Ndiyo kazi yenyewe ilivyo.

Sasa nionyesheni mikono yenu. Hapana, kweli, nyoosheni. Mkulima wa Kiingereza wa karne ya 18 kikapu chake kilining'inia kwa mkanda begani, kimepinda kidogo kifuate umbo la nyonga. Mkono wa kulia unaingia kikapuni, unafumba ngumi, unatoka. Anatupa kwa kuuzungusha mkono kutoka upande mmoja wa mwili hadi mwingine, na siri iko vidoleni: haachii ngumi yote kwa mpigo, anaifungua polepole mkono ukiwa safarini, ili punje zitoke kama upepeo. Na mkono unakwenda na mguu. Hatua, tupa, hatua, tupa. Ukipoteza mwendo, ngano itaota kwa mabaka, na majirani watayaona mabaka hayo hadi siku ya mavuno. Nyuma yake linakuja haro la kukokotwa na farasi kufukia mbegu, na watoto wanakaa pembeni na mawe kufukuza kunguru. Waliozaliwa kwenye mashamba ya mpunga wanaona ninachokisema. Kurusha mbolea majarubani ni mkono huo huo.

Hicho ndicho kitenzi. Kinabeba ustadi mkubwa sana wa mkono na wakati huo huo ujinga kamili wa mwisho wa safari. Msiaji anajua ngumi yake ina nini, anajua mwendo wake, anajua upepo unatoka wapi. Asichokijua ni punje hii hapa itaangukia wapi. Hawezi kujua. Shikeni hilo, tutalihitaji.

Mtu makini ataniuliza: kama Waingereza walikuwa wakisia toka enzi na enzi, kwa nini neno lionekane karne ya 18 tu? Swali zuri, na bahati mbaya hakuna aliyeliuliza kwenye mtihani. Ni kwa sababu ya mashine. Mwaka 1701 mkulima mmoja wa kusini mwa Uingereza, Jethro Tull, aliyesomea sheria akaishia shambani, aliunda mtambo wa kukokotwa na farasi uliodondosha mbegu mstari kwa mstari ndani ya vifereji. Mwaka 1731 akatoa kitabu cha kuutetea. Hoja zake ni zile zile anazowaambia bwana shamba leo: ukisia unapoteza mbegu, zinarundikana hapa na kukosekana pale, na huwezi kupita katikati kupalilia. Kabla ya mashine ya mistari, kusia ngano kulikuwa kupanda tu, hakukuhitaji jina la pekee. Ilipokuja njia ya pili, ile ya kwanza ikabidi ipewe jina lake. Ni kama 'simu ya mezani'. Nani alisema 'simu ya mezani' kabla ya simu za mkononi? Ilikuwa simu.

Kwa hiyo 'broadcast' ni jina la njia ya zamani lililotolewa na watu waliokuwa wakiambiwa njia hiyo imepitwa na wakati. Kitenzi chenyewe kinashika mwanzoni mwa karne ya 19, lakini tayari watu walishaanza kulitumia neno kwa mambo yasiyo mbegu, kwa fikra, kwa uvumi, kwa mafundisho yanayotupwa kila upande.

Kuhusu sehemu zake mbili nisiwachoshe. 'Broad' ni la Waingereza wenyewe toka kale. 'Cast' ni la wageni, 'kasta', lililoletwa na Wadenmaki na Wanorwei waliovamia na kulowea Uingereza kuanzia karne ya 9. Likalisukuma nje neno la wenyeji la kutupa, kisha nalo likasukumwa na 'throw'. Leo Mwingereza hakwambii 'cast' mpira. Limebaki kwenye kupiga kura, kutupa wavu, kumimina chuma kwenye kalibu, na kundi la waigizaji. Na kwenye studio zenu.

Sasa redio. Historia ya mitambo mmeshasoma na mwalimu wenu, siirudii. Nataka kitu kimoja. Marconi, yule mvumbuzi aliyetangulia kwenye mambo ya redio, hakuwa anatafuta kusia. Marconi alikuwa anatafuta kupanda kwa mistari! Alitaka telegrafu isiyo na waya: ujumbe utoke hapa ufike pale, kwa mtu mmoja, kwa siri, na kampuni ilipwe. Kwamba mawimbi yanatapakaa kila upande na yeyote mwenye kipokezi anayadaka, hilo lilikuwa kasoro. Lilikuwa aibu. Kampuni yake ikajigamba kwamba imeweza kuyafunga mawimbi kwenye masafa yake, mwingine asiingie.

Basi Juni 1903, Royal Institution ya London, mwanasayansi John Ambrose Fleming yuko jukwaani. Marconi mwenyewe yuko Poldhu, Cornwall, mamia ya kilomita huko, anajitayarisha kutuma ujumbe utakaopokewa mbele ya hadhara. Waheshimiwa wamejaa. Kabla ujumbe wa Marconi haujaingia, mtambo pale ukumbini ukaanza kugonga wenyewe alama za Morse. Neno moja, linarudiwa na kurudiwa: 'rats'. Panya, panya, panya. Halafu likafuata shairi la kejeli kuhusu kijana mmoja wa Italia aliyewalaghai watu vizuri sana. Marconi ni Mwitaliano, msisahau.

Aliyefanya hivyo ni Nevil Maskelyne, mtu wa mazingaombwe kutoka ukoo wa mazingaombwe, na mjuzi wa mitambo. Aliwahi kutumiwa na kampuni ya telegrafu za waya wa baharini, Eastern Telegraph, ambayo biashara yake ingeumia Marconi akifaulu. (Kampuni za kundi hilo ndizo zilizoleta waya Zanzibar mwaka 1879, kwa hiyo hata sisi hatuko mbali na ugomvi huu.) Fleming alikasirika mno, akaandika kwenye gazeti la The Times kulalamikia uhuni wa kisayansi. Maskelyne hakujificha. Akajibu kwamba alikuwa anaonyesha ukweli: hewa haina mlango, haina komeo.

Nampenda Maskelyne. Yeye ndiye aliyeonyesha hadharani kwamba mtambo wa Marconi unasia, utake usitake. Na ikachukua miaka karibu ishirini watu kuiona ile kasoro kuwa ndiyo faida. Tarehe 15 Juni 1920 mwimbaji Nellie Melba akaimba mbele ya kipaza sauti cha Marconi pale Chelmsford, watu wakamsikia nchi mbalimbali za Ulaya. Serikali ikaona huo ni upuuzi unaoingilia mawasiliano ya maana, ikasimamisha. Mwaka 1922 ikabidi wasalimu amri, ikaundwa kampuni, ndiyo BBC, na katika jina lake wakatia lile neno la shambani.

Je, walijua ni la shambani? Nani hapa amefika London, kwenye jengo la BBC la mwaka 1932? Ukiingia ukumbi wa mbele, ukuta umeandikwa Kilatini, maandishi ya mwaka 1931, enzi za mkurugenzi mkuu John Reith, magavana wa kwanza wakiomba kwamba mbegu njema izae mavuno mema. Na pale pale kuna sanamu ya Eric Gill: mtu amesimama, mkono mmoja umeshika chombo cha mbegu, mkono wa pili unatupa. Chini yake Kilatini tena, maneno ya Paulo kwa Wakorintho: Mungu ndiye akuzaye. Walijua. Walijua hadi wakalichonga jiwe. Sisi ndio tunaojibu kwenye mtihani kwamba 'broadcast' ni kutangaza kwa upana.

Na hapo sasa naingia kwenye ugomvi wangu wenyewe, wale wa nyuma mkae vizuri.

Sisi tulisema 'tangaza'. Si kosa, ni Kiswahili safi. Lakini litazameni. Jambo linatangaa, maana yake linaenea, linajulikana. Ukilitangaza, umelifanya lijulikane. Waarabu nao ndivyo walivyofanya: 'idhaa' yetu tuliyoichukua kwao inatokana na kitendo cha kufanya jambo lienee na kujulikana, hata siri. Waislamu mnaikumbuka Sura An-Nisaa, aya ya 83, inawalaumu watu ambao likiwafikia jambo la amani au la hofu hulitangaza kabla ya kulirudisha kwa wenye kujua. Ni neno hilo hilo, 'adhaau'. Aya hiyo, kama mngeniuliza, ingebandikwa kwenye mlango wa kila chumba cha habari, Mkristo na Mwislamu asome akiingia.

Tofauti mnaiona? Kitenzi cha Kiingereza kinadai kitu kimoja tu: nimetupa. Kitenzi chetu kinadai mawili: nimesema, na mmejua. Ni dai kubwa hilo! Na ofisi zetu zinaliishi. Niliwahi kukaa kwenye kikao fulani baada ya mlipuko wa kipindupindu, tukauliza wananchi waliambiwaje. Ofisa akafungua faili: tangazo lilirushwa redioni saa nane mchana, mara moja, kwa lugha ya daktari. Pembeni pameandikwa kwa kalamu nyekundu, 'Wananchi wamejulishwa.' Saa nane mchana! Wananchi wako shambani, wako baharini, wako sokoni wanapimiana dagaa. Lakini faili linasema wamejulishwa, kwa sababu limetangazwa, na kilichotangazwa kimejulikana. Sarufi imefunga kesi.

Aliyezoea kusia haandiki hivyo. Yeye anajua punje nyingine ziko njiani, kunguru wameshashuka. Kwa hiyo anapita na haro. Anaweka watoto walinde. Anarudi wiki ijayo kutazama wapi pameota na wapi pana mabaka, anasia tena penye mabaka.

Mtasema: mwalimu, unataka tubadilishe jina, TBC liitwe Shirika la Usiaji Tanzania? Hapana. Hata mimi nitacheka. Neno limeshaota mizizi, liacheni. Mtasema tena: mwalimu, unawasifu Waingereza kwa sitiari yao kana kwamba sisi hatukuwa nayo. Hapo ndipo ninapopandisha sauti kila mwaka. Tunayo! Tunayo, na ni kali kuliko yao. Waswahili tunasema usimwage mtama penye kuku wengi. Kila mtu anajua maana yake: usiseme neno la siri penye masikio mengi. Angalieni kilichomo. Kuna mbegu, kuna mkono unaomwaga, kuna ndege wanaokula. Ni mfano ule ule wa mpanzi, ila hapa tumesimama upande wa kuku. Mwingereza anamtazama mpanzi na kumwombea mavuno. Sisi tunamtazama kuku na kumwonya anayemwaga. Halafu hatukuiingiza studioni. Tumewaachia wanasiasa, wao ndio 'wanamwaga sera'.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimeiona, ahsante. Nilikuwa na kurasa kadhaa kuhusu mitandao, nitazisema kwa mkato.

Ile mnayoita 'broadcast' kwenye WhatsApp si 'broadcast'. Umechagua majina, umeyaweka kwenye orodha, na ujumbe hauwafikii hata hao kama hawajahifadhi namba yako. Hiyo ni mashine ya Jethro Tull, mbegu moja shimo moja. Vilevile kutazama mpira mtandaoni: kila anayetazama ana mkondo wake kutoka kwenye seva. Redio ya mbao ya babu yako ndiyo iliyokuwa inasiwa, kwa sababu mnara haukujua kama babu amewasha au amelala.

La pili: 'disseminate' mnalolipenda kwenye maandiko ya miradi, nalo ni mbegu, 'semen' ya Kilatini. 'Diaspora' ni Kigiriki, kutawanywa kama mbegu, kwa hiyo ndugu zetu wa Muscat na Minnesota wamesiwa. Na 'semina' inatokana na 'seminarium', yaani kitalu. Mapadre walilichukua wakapata seminari, baada ya Mtaguso wa Trento kuagiza mwaka 1563 kila jimbo liwe na kitalu chake. Sisi tukachukua semina, tukaongeza posho.

Kifaransa 'radiodiffusion', ambacho ndugu zetu wa Bujumbura na Kinshasa wanakijua, ni kumimina, na Kijerumani ni habari nyingine kabisa. Naviacha vyote viwili.

La mwisho, maana litatoka kwenye mtihani wa marudio: wakati uliopita ni 'broadcast', bila kuongeza kitu, kwa kuwa 'cast' haibadiliki. 'Broadcasted' ipo kwenye kamusi, na zamani wapo walioitumia bila aibu. Mkiiandika sitawakata alama. Mkiandika 'kutangaza kwa upana' nitawakata. Maswali, karibuni, na yule kijana aliyekuwa anacheka muda wote aanze.